Vikapu vilivyobaki kwenye kikapu

Kwa Kipoland kikapu ni koszyk. Ile sehemu ya duka la mtandaoni ambako mteja anaweka vitu kabla ya kulipa, nayo ni koszyk. Ndiyo maana mwezi Machi 2019, nilipofungua kompyuta jikoni kwetu Łódź, mji wa Poland, nikakuta vikapu vyangu tisa vya Iringa vimekaa ndani ya vikapu vya watu na hakuna hata kimoja kilicholipiwa, mume wangu alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Mzigo ule niliulipia kwa akiba ya mwaka mzima, na Pasaka ilikuwa imebaki wiki nne.

Nieleze kwanza kwa nini Pasaka. Jumamosi Kuu, Wapoland wanabeba vikapu kwenda kanisani kubarikiwa. Ndani kuna mayai yaliyopakwa rangi, mkate, chumvi, kipande cha soseji, mwanakondoo wa sukari au wa siagi, na juu kitambaa cheupe kilichonyooshwa pasi. Wanaita święconka. Hata yule ambaye humwoni kanisani mwaka mzima, siku hiyo anatoka na kikapu, na vikapu vinatazamwa, tusidanganyane. Nilikuja Łódź mwaka 2011 kusoma, nikaanzia kwenye kile kituo cha chuo kikuu kinachofundisha wageni Kipoland tangu 1952, ambako Waafrika wengi wamepita. Pasaka yangu ya kwanza hapa nikaiona ile foleni ya vikapu nje ya kanisa nikajisemea: hawa watu hawajakiona kikapu cha milulu chenye mfuniko. Ilinichukua miaka saba kuvileta.

Duka nililijenga mwenyewe kwa WooCommerce, programu ya kujengea maduka ya mtandaoni, usiku baada ya kazi. Nilijivunia. Picha safi, maelezo ya Kipoland yaliyosahihishwa na rafiki, historia fupi ya wasusi. Kwenye malipo niliweka kadi tu, kupitia kampuni ya nje ambayo kufungua akaunti yake kulichukua nusu saa. Bei nikaandika kwa yuro. Sababu yangu ilikuwa kwamba Wajerumani wako jirani, nitawauzia na wao, na isitoshe yuro niliiona ni pesa ya watu wenye biashara zao. Mjerumani wa kwanza alinunua mwaka 2021.

Basi wateja wakaja. Nilikuwa naona kila hatua: fulani ameweka kikapu, ameandika jina, anuani, namba ya simu, amefika kwenye malipo, ameondoka. Mwingine hivyohivyo. Nikapunguza bei. Nikapiga picha upya dirishani. Nikafuta ile historia ya wasusi nikidhani ni ndefu. Hakuna kilichobadilika, kwa sababu nilikuwa natibu mguu wakati kinachouma ni jino.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu wa ghorofa ya pili, mama wa watoto wawili, mtu wa maneno machache. Alikuja kunywa chai akasema anakitaka kile kidogo chenye mstari wa zambarau. Nikamwambia nunua hapahapa nikuone. Akatoa simu, nikasimama nyuma ya kiti chake. Vidole vilikwenda mbio: kikapu, jina, anuani, endelea. Akafika kwenye ukurasa wa malipo, kidole kikasimama hewani. Akapandisha ukurasa juu, akaushusha chini.

„A gdzie BLIK?" Na BLIK iko wapi?

Nikamwambia haipo, weka kadi. Kadi yake ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa umetundikwa kwenye korido, hatua tano kutoka pale alipokaa. Akatazama korido. Akatazama chai yake. Akasema atanunua kesho. Sisi wote tunaijua hiyo kesho.

Usiku ule nilimpigia mdogo wangu aliyeko Arusha nikamlalamikia kwamba watu wa huku ni wavivu, kadi wanazo lakini kunyanyuka hawataki. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema, „Dada, wewe ukiingia dukani ukaambiwa hapa hatupokei M-Pesa, lete hundi, utanunua?" Nilinyamaza. Mimi niliyekua na M-Pesa tangu ilipoingia Tanzania mwaka 2008, niliyekuwa nawatumia wazazi hela ya mbolea kwa simu, nilifungua duka katika nchi yenye kitu kama hicho na sikuuliza watu wanalipaje.

BLIK ilianza Februari 2015. Waliianzisha mabenki sita kwa pamoja, mabenki ambayo kila siku yanagombania wateja, na nadhani hilo ndilo lililoifanya iwe ya kila mtu. Kwetu pesa ya simu ilishikwa na kampuni za simu kwa sababu wengi hawakuwa na benki. Hapa watu akaunti walikuwa nazo tayari. Kilichokosekana ni kichochoro kifupi cha kutoka kwenye akaunti mpaka dukani. Mteja anafungua programu ya benki yake kwenye simu, anabonyeza BLIK, anapata tarakimu sita. Anaziandika dukani kwangu. Simu inamwonyesha kiasi na anayelipwa, anathibitisha kwa namba ya siri au kidole, imekwisha. Zile tarakimu zina umri wa dakika 2, zikipita anaomba nyingine.

Ukiangalia, ni Lipa Namba iliyogeuzwa. Kwetu muuzaji ndiye mwenye namba, imebandikwa ukutani, mteja anaiandika kwenye simu yake. Huku mteja ndiye anampa muuzaji namba, tena namba inayokufa upesi. Hata hela za mtu kwa mtu wanatumiana kwa BLIK kupitia namba ya simu, mkila pamoja na mmoja akalipa, atawaambia „wyślijcie mi blika", kama sisi tunavyosema nirushie. Na wezi nao wamejifunza. Wanaiba akaunti ya Facebook ya rafiki yako, wanakuandikia kwa upole kwamba wamekwama dukani, wape tarakimu zako sita. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka, maana ni ndugu wa damu wa ule ujumbe wetu wa „ile hela tuma kwenye namba hii".

Sambamba na BLIK kuna ile njia ya nembo za mabenki. Mteja anaona vigae vingi, kila kimoja benki yake, anabonyeza cha kwake, anaingia kwenye benki yake mwenyewe na kukuta fomu ya kuhamisha pesa imeshajazwa: namba ya akaunti, kiasi, kichwa cha muamala. Anabonyeza kuthibitisha tu. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu namba ya akaunti ya Poland ina tarakimu 26. Jaribu kuinakili moja kwenye simu ukiwa ndani ya tramu. Njia hizi zote unazipata kwa mkataba mmoja na kampuni inayounganisha malipo, kama Przelewy24, PayU au Tpay. Zote tatu makao yao ni Poznań, mji uleule ambako Allegro, soko kubwa la mtandaoni la Poland, ilizaliwa mwaka 1999. Maji ya Poznań yana kitu.

Sitasema nilichukua ipi. Nitasema kwamba haikuwa nusu saa. Walitaka namba ya mlipakodi, walitaka nitume zloti 1, pesa ya hapa, kutoka akaunti ya biashara kuthibitisha kwamba ni yangu, na walitaka duka liwe na regulamin, yaani masharti yaliyoandikwa: mimi ni nani, niko wapi, mteja anarudishaje mzigo ndani ya siku 14 ambazo sheria inampa bila kutoa sababu. Sikuwa nayo. Wakanirudisha. Nilikasirika siku moja, ya pili nikakaa na kuandika, na katika kuandika nikagundua kwamba hata kitufe changu cha mwisho kilikuwa kibaya. Sheria ya hapa inataka kitufe cha kuagiza kimwambie mteja waziwazi kwamba akibonyeza anawajibika kulipa. Changu kilikuwa bado kwa Kiingereza, nilisahau kukitafsiri. Jirani yangu alikuwa amekiona na akakaa kimya. Baadaye aliniambia alidhani duka liko nje ya nchi.

Mwanzoni mwa Aprili wakanikubali. Nikaunganisha, nikafungua duka kama mteja, nikafika kwenye malipo. Kadi ipo. BLIK haipo.

Siku mbili niliwaandikia watu wa huduma kwa wateja barua ambazo leo naona aibu kuzisoma. Walinijibu kwa adabu ya Kipoland, ile ya „Szanowna Pani", Bibi Mheshimiwa, kila aya, wakaniuliza duka langu linauza kwa sarafu gani. BLIK wakati ule ilikuwa ya zloti tu. Duka langu lilikuwa la yuro. Programu iliona yuro ikaificha BLIK, basi. Nilibadilisha bei zote usiku uleule, kikapu kidogo kikawa zloti 95. Nilipoziona zimekaa pale nikaelewa kwamba hata bila BLIK zile yuro zilikuwa zinamfukuza mtu; kila mteja alikuwa analazimika kufanya hesabu kichwani kabla ya kukipenda kikapu.

Oda ya kwanza ya BLIK iliingia Jumapili saa nne usiku, mji mmoja mdogo karibu na Lublin. Maduka mengi hufungwa Jumapili hapa, watu wako nyumbani na simu zao. Nilimwamsha mume wangu.

Lakini kuna kosa jingine lililonichukua muda zaidi kuliona, kwa sababu mimi nilikuwa najaribu duka kwa kompyuta huku simu ikiwa pembeni. Wateja wangu walikuwa wanafanya vyote kwenye simu hiyohiyo moja. Maana yake mtu anafika kwenye malipo, anatoka dukani kwenda kwenye programu ya benki kuchukua tarakimu sita, anarudi, na kwa zile simu zenye kumbukumbu ndogo ukurasa unajipakia upya na kila kitu alichoandika kimefutika. Jina, mtaa, namba ya nyumba, yote. Na huku zile dakika 2 zinakwisha. Niliona hili nilipoazima simu ya zamani ya mume wangu nikajinunulia kikapu changu mwenyewe. Jaribio la kwanza fomu ikafutika. La pili nikaandika haraka, tarakimu zikafa nikiwa kwenye msimbo wa posta. La tatu nilitaka kuitupa simu. Na mimi ndiye mwenye duka.

Nilimlipa kijana mmoja mwanafunzi wa Politechnika, chuo kikuu cha ufundi, akagawanya ukurasa: anuani kwanza, inahifadhiwa, halafu ukurasa wa malipo peke yake, mweupe, wenye kisanduku cha tarakimu sita na hakuna kingine cha kupoteza. Akakifanya kisanduku kifungue kibodi ya namba badala ya herufi. Kazi ya jioni mbili. Katika fedha zote nilizotumia kwenye duka lile, hizo ndizo zilizorudi haraka zaidi. Kadi sikuiondoa, wanafunzi wa kigeni na Wajerumani wangu wanaitumia. Ile ya nunua sasa ulipe baadaye niliikataa na bado naikataa. Kikapu cha zloti 95 si kitu cha kukopea.

Sasa kuhusu vitunguu.

WooCommerce ina mpangilio ambao haukusumbui mpaka siku ukusumbue: oda isiyolipiwa ndani ya dakika 60 inafutwa yenyewe na bidhaa inarudi stoo. Kwa BLIK haina neno, pesa inathibitika papo hapo. Lakini ijumaa jioni, wiki moja kabla ya Ijumaa Kuu, mama mmoja alilipa kutoka benki ndogo ya ushirika, ambayo kwenye ile orodha ya vigae haikuwa na njia ya haraka. Pesa yake ikaenda kama muamala wa kawaida. Miamala ya kawaida kati ya mabenki hapa husafiri kwa awamu, siku za kazi tu. Ukituma Ijumaa jioni, itafika Jumatatu. Duka langu lilimsubiri saa moja likamfuta. Jumamosi asubuhi mtu mwingine akanunua kikapu kilekile, kilikuwa cha mwisho cha saizi hiyo. Jumatatu pesa ya yule mama ikaingia, kwa oda ambayo haipo, kwa kikapu ambacho hakipo.

Alipiga simu Jumanne. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliuliza kwa sauti ya chini kama mimi ni duka la kweli.

Nilizungusha macho jikoni. Kwenye kona palikuwa na kikapu changu mwenyewe, cha saizi ileile, kimejaa vitunguu. Nikamweleza ukweli wote: oda ilifutwaje, kilichobaki ni hiki cha kwangu, kimetumika mwaka mmoja, kinanuka kitunguu lakini kinaweza kupigwa upepo. Kimya kirefu. Halafu akauliza vitunguu vya aina gani. Tukacheka wote wawili. Nilimrudishia nusu ya pesa, nikakifuta kwa kitambaa chenye siki, nikakitundika kibarazani siku nzima, Jumatano nikakiweka kwenye Paczkomat, yale makabati ya vifurushi ya InPost yaliyoko kila mtaa, ambayo nayo ni somo jingine: usipomwekea Mpoland ramani ya makabati kabla ya kulipa, atakuuliza kama unatania. Kikamfikia Alhamisi Kuu. Mpangilio wa dakika 60 niliubadilisha nikaweka siku nne, na vikapu vya mwisho mwisho siviweki dukani tena, ninabaki navyo viwili pembeni.

Kurudisha pesa nako nilikuwa nakuogopa bure. Mteja akirudisha mzigo, ninabonyeza mara moja na pesa inarudi kwenye akaunti iliyotoka, awe alilipa kwa BLIK au kwa kigae cha benki. Mmoja alirudisha akisema kikapu kinanuka majani. Ni majani, mama.

Ningeishia hapa mngedhani Poland nzima inaishi kwenye tarakimu sita. Mwaka 2020, wakati wa kufungiwa ndani, nilipigiwa simu ya nyumbani, ile ya waya, na bibi mmoja wa Kraków. Mjukuu wake alimsomea ukurasa wangu ambako nimeandika natoka Usa River, Arusha. Akaniuliza kama ni karibu na Tengeru. Nikamwambia ni kilomita chache tu, daladala moja. Mama yake alifikishwa pale akiwa msichana, wakati wa vita, miongoni mwa wakimbizi wa Kipoland kama 5,000 waliowekwa Tengeru kuanzia mwaka 1942 baada ya kutolewa Urusi. Nilimweleza kwamba makaburi yao bado yapo, yana ukuta na mtu wa kuyatunza, na kwamba shuleni tulikuwa tunapita karibu tukisema ni makaburi ya Wazungu, bila kujua Wazungu gani.

Alitaka kikapu chenye mfuniko. Nikaanza kumwelekeza kwenye duka, akanikatiza. Programu ya benki hana na hataki. Kulipa msafirishaji mlangoni, za pobraniem, angependa, alilipa hivyo maisha yake yote, lakini ile miezi alikuwa anaogopa kumfungulia mtu mlango. Akaniambia nimsomee namba ya akaunti. Nilimsomea tarakimu 26, mbili halafu nne nne, na yeye akanirudishia zote bila kukosea hata moja. Jumamosi mjukuu akazipeleka benki kwenye simu yake. Sikusubiri hela, mzigo niliutuma siku hiyohiyo.

Kwa ajili yake niliiweka dukani ile njia ya muamala wa kawaida, iko chini kabisa, chini ya BLIK, vigae na kadi, na yule kijana wa Politechnika aliniambia inachafua ukurasa. Iache ichafue. Kila mwaka kabla ya Pasaka kuna oda tatu nne zinazopita hapo. Ya yule bibi mwaka huu iliingia Jumatatu saa tano asubuhi, na kwenye kichwa cha muamala alikuwa ameandika mwenyewe au mjukuu: „za koszyk, ten z wieczkiem, dla prawnuczki". Ya kikapu, kile chenye mfuniko, cha kitukuu.